Rangi Nne za Nyiragongo na Mkazi wa Munigi

Januari 17, 2002, Nyiragongo, mlima wa volkano mashariki mwa Kongo, ulipasuka ubavuni. Nyufa zilishuka kusini hadi Munigi, lava ikatokea huko huko mlangoni mwa mji wa Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kupita katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu. Hapa ndipo kazi ya kueleza hatari inapokuwa ngumu. Mkazi wa Munigi hutazama wekundu wa kileleni usiku, ilhali moto unaweza kutokea nyuma ya nyumba yake.

Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG, kilitumia bendera za rangi: kijani, njano, machungwa, nyekundu. Ni njia nzuri, maana hata asiyejua kusoma huielewa. Lakini njano ilidumu miaka na miaka, watu wakaizoea. Tena rangi hupima wasiwasi wa mtaalamu aliye mbele ya mitambo. Mama mwenye watoto watatu anataka kujua ashike barabara ipi.

Jioni ya Mei 22, 2021, mlima ulilipuka tena. Utafiti uliotoka katika jarida la Nature mwaka 2022 ulionyesha kwamba dalili za wazi zilianza kama dakika 40 tu kabla. Kwa muda huo hakuna bendera itakayobadilishwa na kuonwa na mji mzima. Naamini watu walistahili kuambiwa mapema, bila kuficha, kwamba mlima huu unaweza kupasuka bila kuonya.

Mei 27, gavana wa jimbo wakati huo, Constant Ndima, alitangaza kwamba kulikuwa na magma chini ya mji na ziwa. Alizitaja kartie (mitaa) 10 kati ya 18 za Goma na kuelekeza watu kwenye mji mdogo wa Sake. Sababu, mahali, njia: tangazo lilipangwa vizuri. Ila orodha ilikuwa ya mji, na Munigi iko teritwari ya Nyiragongo. Aliye karibu zaidi na mlima alibaki kukadiria mwenyewe.

Ningeanza na ramani ya mikondo ya lava ya 1977, 2002 na 2021, iliyochorwa juu ya barabara ambazo watu hupita kila siku. Wataalamu waifuate kwa miguu pamoja na wakuu wa nyumba kumi, kisha waizungumze redioni kwa Kiswahili hata mlima ukiwa umetulia: lava ikikata barabara ya kwenda mjini, nani aelekee Sake, nani aelekee Gisenyi, na nani asubiri alipo.