Kipimo cha Msamiati wa Kiingereza na Mwanafunzi wa Eldoret

Miongoni mwa mitihani ya Kiingereza ifanywayo mtandaoni, ule wa kupima ukubwa wa msamiati, uliotolewa na Paul Nation na David Beglar mwaka 2007, umepata sifa kubwa. Una maswali 140, kumi kwa kila tabaka la maneno elfu moja. Kila jibu sahihi huhesabiwa kuwa jamaa 100 za maneno. Ni mtihani mwepesi kufanya na mwepesi kusahihisha. Hata hivyo, aufanyaye Eldoret ana haki ya kuuliza: je, hupima nini hasa?

Kasoro ya kwanza ni ya hesabu. Kila swali lina majibu manne. Asiyejua hata neno moja, akibahatisha yote, hutarajiwa kupata 35, na kwa hivyo kuhesabiwa jamaa 3,500 asizozijua.

Pili, majibu yenyewe yameandikwa kwa Kiingereza, hivyo ujuzi wa neno hupimwa kwa ujuzi wa kusoma. Ndiyo maana yametungwa matoleo ya lugha mbili, mathalani lile la Kivietnam.

Tatu, matabaka ya maneno yalipangwa kwa kutegemea hazina ya matini za Uingereza yenye maneno milioni 100, iliyokamilishwa mwaka 1994. Lakini wingi wa kutumika kwa neno hufuata maisha ya wasemaji. Mtoto wa Uasin Gishu, nchi ya mahindi na ngano, aweza kuyajua maneno ya kupura na ghala kabla ya mengi yaliyo ya kila siku London. Tena neno hubadilika safarini: hoteli, kwa Wakenya wengi, ni pale panywewapo chai na mandazi, hata pasipo kitanda. Aijuaye maana hiyo huhesabiwa mjinga wa neno.

Si haki kuwalaumu watunzi. Wao walikusudia kupima utambuzi wa maneno yaandikwayo, si matumizi yake. Hatari i kwa wasomao matokeo. Nchini Kenya, Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia kuanzia darasa la nne, na alama ya msamiati huweza kudhaniwa kuwa kipimo cha akili. Hapana budi idara za lugha, kama zile za Chuo Kikuu cha Moi, zitunge toleo lenye majibu ya Kiswahili, na maneno yake yachotwe katika vitabu wasomavyo wanafunzi wenyewe. Mpima nafaka huikagua pishi kwanza, ndipo akailaumu nafaka.