Maneno Tunayopanda Nayo Mimbarini

Mwanamke wa Tanga au wa Unguja akimwita mwenzake "shoga yangu", anamwita rafiki wa moyoni, mtu wa kumwachia ufunguo wa nyumba na siri zilizomo. Sisi wa Sale hatukulipokea neno hilo hivyo. Kiswahili kilitukuta na lugha zetu, kikaja kwa shule, kwa redio na kwa mabasi ya Arusha, na shoga liliposhuka huku lilikuwa tayari tusi la kumtupia mwanamume. Mwalimu au muuguzi wa pwani aliyepangiwa kazi kwetu anaweza kumsalimu mama wa usharika kwa neno hilo kwa upendo mtupu, na watu wakatazamana.

Wahubiri wetu wengi hulieleza jambo hili kwa mkato: neno zuri limeharibiwa na mambo ya kisasa. Maelezo hayo ni mepesi mno. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa UMCA ambaye baadaye alikuwa askofu na kujenga kanisa la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa, alichapisha kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja. Humo aliandika kwamba shoga ni rafiki, neno la wanawake wao kwa wao. Kisha akaongeza kwamba kule Lamu humaanisha mwanamume anayelalwa na wanaume. Maana zote mbili, basi, zina zaidi ya miaka 150, kila moja na mji wake. Moja ilisafiri bara, nyingine ikabaki baharini.

Hapo anakwama anayesema jambo lenyewe lililetwa na Wazungu juzi. Anakwama pia anayesema wazee wa pwani hawakuona neno, kwa kuwa kamusi hutuambia jambo lilikuwa na jina, haituambii lilihukumiwaje.

Hanithi nalo limebeba mizigo miwili. Shina lake la Kiarabu linahusu ulaini, mwanamume mwenye mwenendo wa kike, na huko Omani bado hutumika hivyo. Kwa Kiswahili limekuwa pia jina la mume asiye na nguvu za kiume. Kwa hiyo mtu mwenye kisukari, ugonjwa unaojulikana kuleta tatizo hilo, anavikwa jina moja na mtu ambaye habari zake ni nyingine kabisa. Ndiyo maana wanaume wetu hawaendi zahanati kusema shida hiyo.

Lakini neno linalotuhusu zaidi kama watu wa Biblia ni mlawiti. Limetoka katika Kiarabu, na huko limetokana na jina la Lutu. Tafakari hilo kidogo. Mtu aliyewakaribisha wageni, aliyetolewa Sodoma kwa kushikwa mkono na malaika, ambaye 2 Petro 2:7 inamwita mwenye haki, ndiye aliyeachiwa dhambi ya majirani zake iitwe kwa jina lake! Na Ezekieli 16:49, akitaja uovu wa Sodoma, anaanza na kiburi, shibe, na mkono uliokataa kumshika maskini. Hatujawahi kusikia mtu wa Sale akiitwa Msodoma kwa sababu ya kumnyima jirani chakula mwaka wa njaa.

Biblia ya Union ya mwaka 1952, ambayo wengi wetu tunayo nyumbani, inaweka katika 1 Wakorintho 6:9 wafiraji na walawiti, maneno mawili kwa mawili ya Kigiriki. Watafsiri walitaka kusema wazi. Tangu hapo lugha imesogea. Kitenzi kilichomo ndani ya lile la kwanza sasa ni tusi la stendi, na tunajua jinsi msomaji wa somo anavyoshusha sauti akifika hapo, kisha anakimbilia mstari wa 10, ambamo watukanaji wamo katika orodha ileile.

Watafsiri wa Kiingereza nao walihangaika. Neno lao la kitaalamu, homoseksuali, halina umri wa Biblia. Lilichapishwa kwa mara ya kwanza kwa Kijerumani mwaka 1869 na Karl-Maria Kertbeny, akipinga sheria ya Prussia. Mwaka 1946 tafsiri ya Kiingereza ya RSV ililiingiza katika mstari huohuo wa Wakorintho. Mwaka 1971 RSV yenyewe ikaliondoa. Sababu ya kusitasita inaeleweka: Paulo alitaja watu kwa walichotenda, na neno jipya linamtaja mtu kwa anachoelekea moyoni, hata kama hajatenda lolote. Hayo ni mambo mawili, na mchungaji anayekaa na mtu ofisini anayajua kuwa mawili. Ushoga, kama tunavyolitumia, umeyafunga kamba moja.

Lilienea kwa kasi mwaka 2011, pale David Cameron alipohusisha misaada na haki za watu hao, na Bernard Membe, waziri wetu wa mambo ya nje, akamjibu kwa ukali. Mwaka huohuo taifa zima lilikuwa njiani kuja Samunge kunywa kikombe, na sisi tulishuhudia jinsi neno la jikoni linavyobadilika ndani ya wiki chache. (Wakaita "kwa Babu wa Loliondo", wakati Samunge ni Sale. Kuitwa tusivyojiita tumezoea: sisi ni Batemi, na Wasonjo ni jina tulilopewa na majirani.) Kanisa letu lilikwisha kusema msimamo wake kuhusu ndoa za jinsia moja katika matamko ya Bukoba 2004 na Dodoma 2010. Hatuandiki hapa kuyafungua upya. Tunauliza tu ni kwa maneno gani yanafika kwa kijana uwanjani, na jibu ni kwamba yanafika kama tusi.

Tufungue gazeti lolote la Kiswahili tutafute kulawiti. Mara nyingi sana tutakuta habari ya mtu mzima na mtoto. Lugha ya leo imelipeleka neno huko, kwenye jinai dhidi ya mtoto. "Kinyume cha maumbile", maneno ya kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa Waingereza, mahakamani yanahusu pia mwanamume na mwanamke. Mimbarini tunayasema kana kwamba ni ya mashoga peke yao. Basi mhubiri anapotaja kwa pumzi moja shoga, mlawiti na kinyume cha maumbile, mvulana aliyefanyiwa unyama na mtu mzima, aliyekaa benchi la tatu na hajamwambia hata mama yake, anasikia nini? Anasikia jina la aliyemdhuru na jina ambalo wenzake watampa yeye vikibandikwa juu ya jambo moja. Akisema, ataitwa shoga. Kwa hiyo hasemi, na aliyemdhuru anaendelea kuja ibadani.

Katekisimo Ndogo, katika amri ya nane, haitukatazi kusema uongo tu juu ya jirani. Inatutaka tumtetee na kumnenea mema. Tunaifundisha kila mwaka darasa la kipaimara. Watoto wanaikariri vizuri, kisha wanatoka nje kucheza mpira, na anayekosa goli anaitwa shoga mbele ya mwinjilisti, na mwinjilisti anacheka nao.