Daktari Kaingia Sebuleni kwa Mama!

Jamani, nimeona! Jumanne saa nne asubuhi daktari wa moyo aliyeko Dar es Salaam kaingia sebuleni kwa mama yangu Pangani, kampa shikamoo, kamkagua miguu, na ilipofika saa nne na dakika ishirini na tano kashaaga, mama yuko palepale kwenye kochi lake. Naandika siku hiyohiyo, moto haujapoa. Sisi tuliozoea kupanda basi la alfajiri, kulala Mbagala kwa shangazi, kukaa benchi tangu saa moja tuje tuitwe saa saba, halafu dakika sita tumemaliza, niacheni nishangilie!

Utamu ulianzia kwenye maandalizi. Kituo cha daktari kinakutumia kiungo cha video kwa ujumbe wa simu. Unabonyeza, kinafunguka, hakuna programu ya kupakua wala nywila ya kusahau. Malipo ni kwa simu, kama unanunua umeme. Bando la GB 1 lilitosha na chenji ikabaki. Jana yake tulijaribu kwanza na mdogo wangu wa Tanga, na ashukuriwe, maana mama alikuwa kakaa dirisha liko mgongoni, uso mzima umekuwa kivuli. Tukageuza kiti, mwanga ukampiga usoni, hata ile nundu ndogo ya shavuni ikaonekana. Simu niliiegemeza kwenye kopo la maziwa ya unga nililolijaza mchele. Stendi ya kununua ya nini?

Kisha presha. Walitaka vipimo vya siku saba, asubuhi na jioni, kila mara viwili vikiachana dakika moja. Mashine tunayo, na mimi nilijiona fundi. Kumbe miaka miwili yote nampima mama mkanda uko juu ya mkono wa dera, naye anahadithia habari za msibani! Maelekezo: akae kimya dakika tano, mgongo uegemee, nyayo ziwe sakafuni, mkanda ugande kwenye ngozi tupu, mkono uwe usawa wa moyo, kahawa isipite kooni nusu saa kabla. Kumnyamazisha mama dakika tano ndiyo ilikuwa kazi pekee ngumu. Namba nikaziandika kwenye daftari la hesabu la mwanangu, nyingi zikichezacheza kwenye 150 kwa 92. Kwa vipimo vya nyumbani, 135 kwa 85 tayari inahesabiwa iko juu.

Siku yenyewe mama kaoga, kavaa kanga mpya, kajifukiza udi. Namwambia, "Mama, simu hainusi." Ananijibu, "Mgeni ni mgeni."

Dokta akatokea, binti wa miaka thelathini hivi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeshakunywa chai?"

Nikamsomea zile namba. Akasikiliza, akaandika, halafu akasema neno ambalo kwa safari zetu zote za Dar hatukuwahi kulisikia: "Naomba mnionyeshe dawa zote zilizomo humo ndani. Zote, hata zisizo za presha."

Hapo ndipo nilipoipenda kabisa huduma hii. Hospitali huwa tunakwenda na pakiti moja mkononi, tena ile tuliyoandikiwa. Safari hii kabati lilikuwa hatua tatu tu. Nikarudi na mfuko mzima, nikaumwaga mkekani mbele ya kamera. Amlodipini ya miligramu 10, dawa ya minyoo ya wajukuu, chupa ya dawa ya kikohozi iliyokwisha muda wake, na pakiti ya diklofenaki iliyokwisha nusu.

"Hiyo ya nini, mama?"

"Ya goti. Nameza likiniuma."

"Linauma mara ngapi?"

Mama akaangalia dari. "Kila siku."

Dawa za maumivu za ukoo huo, dokta akaeleza taratibu, huzuia chumvi na maji mwilini, hupandisha presha na huzichosha figo. Mama hakuwa amemficha mtu. Kwake goti ni goti na moyo ni moyo, na la goti hakuulizwa.

Haikuishia hapo! Nikaambiwa nishushe simu mpaka kwenye kifundo cha mguu, nibonyeze kwa kidole gumba juu ya muundi, nihesabu mpaka kumi, niachie. Pakabaki shimo, kama umechoma kidole kwenye unga uliokandwa. Dokta kaliona akiwa Dar! Watuhumiwa wawili, akasema, maana amlodipini yenyewe huwavimbisha baadhi ya watu miguu, na diklofenaki nayo inakusanya maji. Ukiwafukuza wote kwa pamoja hutajua mwizi alikuwa nani. Kwa hiyo diklofenaki inatoka leo, goti linapewa parasetamoli, amlodipini inabaki, na damu ikapimwe figo hospitali ya wilaya. Cheti kikaingia kwenye simu kabla hatujaagana.

Kasoro zipo. Picha iliganda mara mbili, mara ya pili dokta kinywa kimebaki wazi, mama akadhani kapatwa na kitu. Ikabidi dokta apige simu ya kawaida ya sauti, kwa hiyo laini iwe wazi na chaji ijae. Jirani naye akapiga hodi katikati ya habari za choo. Fungeni mlango! Na kifua hakisikilizwi kwa kamera wala tumbo halibonyezwi. Maumivu ya kifua, pumzi kukata au mdomo kwenda upande, hayo ni ya kukimbizwa hospitali, kiungo hakingojwi.

Tunarudi kwake baada ya wiki mbili, Jumanne, saa ileile. Mama kashaniagiza: siku hiyo kiti kisogezwe kidogo kulia, kabati la vyombo lionekane.