Kitanzi ndani ya Mtandao: Swichi Inavyokigundua na Kukizuia

Kitanzi hutokea katika mtandao wa ndani pale swichi mbili zinapounganishwa kwa kebo zaidi ya moja bila mpangilio, au kebo moja inapochomekwa ncha zote mbili katika swichi ileile. Madhara yake yanatokana na upungufu wa fremu ya Etheneti, yaani kifurushi cha data ambacho swichi hupokezana: pakiti ya IP hubeba hesabu inayopungua kila inapovuka ruta hadi ikatupwa, ilhali fremu haina hesabu hiyo, hivyo tangazo lililokusudiwa vifaa vyote huzunguka na kunakiliwa bila kikomo, mpaka mtandao unazidiwa na nakala zake.

Dawa ya msingi ilibuniwa mwaka 1985 na Radia Perlman, mhandisi wa kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, na mwaka 1990 ikawa kiwango cha IEEE 802.1D. Swichi hupeana ujumbe kila baada ya sekunde 2, huchagua mojawapo kuwa mzizi, kisha kila moja hubakiza njia nafuu kuliko zote ya kuufikia mzizi huo, na njia za ziada hufungwa zikisubiri dharura, hata umbo la mtandao likawa la mti. Kwa kuwa swichi kwa kawaida hutoka kiwandani zikiwa na kipaumbele kilekile cha 32768, msimamizi asipokibadilisha, mshindi huamuliwa na anwani ya MAC iliyo ndogo kuliko zote, na swichi dhaifu ya pembeni yaweza kubebeshwa mzigo wa mtandao mzima. Huo ni uzembe usiostahili kuvumiliwa.

Ugumu halisi uko chini ya meza za watumiaji. Swichi ndogo isiyosimamiwa haishiriki katika mti, na baadhi yake hutupa ujumbe wa mti kwa sababu anwani ambako ujumbe huo hutumwa imetengwa isipitishwe mbele, kwa hiyo kitanzi kilichofungwa humo hakionekani kwa swichi kuu. Ndiyo maana watengenezaji wengi waliongeza ugunduzi wa kitanzi, ambapo swichi inayosimamiwa hutoa fremu ya uchunguzi yenye anwani ambayo swichi ndogo huipitisha kama fremu nyingine yoyote, na ikiipokea tena fremu yake yenyewe, huufunga mlango husika, yaani tundu la kebo, na kumwarifu msimamizi. Mlango unaweza kuwekewa muda wa kujifungua wenyewe, lakini kebo ikiwa bado imechomekwa, fremu ya uchunguzi hurudi tena na mlango hufungwa upya.