Pongezi kwa Mafundi wa Saa za Mfukoni

Reli ya Kati ya zamani, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ni ya njia moja: treni hupishana kwenye stesheni kama Manyoni na Itigi, na hapo dakika ina uzito. Ndiyo maana saa ya mfukoni ilithaminiwa sana na watu wa reli duniani.

Ifungue mgongo uone uzuri wake. Springi iliyotiwa ufunguo husukuma magurudumu. Gurudumu la mizani, katika nyingi, hupiga mara 18,000 kwa saa, ncha za ekseli yake zikizunguka ndani ya vito vya yakuti visivyolika upesi. Betri haimo!

Pongezi zangu ziwaendee mafundi saa, wa Singida na kwingineko, wanaozifufua kwa kibano, lenzi jichoni na tone la mafuta. Yakizidi, hutapakaa na kuacha vito vikavu.