Silabi Inayogeuza Safari

Ukisema kwa Kikorea "Seoul-eul tteonada", umeuacha mji wa Seoul. Ukisema "Seoul-lo tteonada", ndiyo kwanza unaufuata. Mji ni ule ule, kitenzi cha kuondoka ni kile kile. Safari nzima imegeuzwa na silabi moja iliyoshikizwa mwishoni mwa nomino. Unadhifu wa namna hii labda uutafute kwa mshona kofia.

Tazama tena. "Hakgyo-e gada": mtu anakwenda shule, na shule ndiyo mwisho wa safari yake. "Hakgyo-ro gada": ameelekea shule, na njiani lolote laweza kutokea. Ndiyo maana kitenzi cha kufika, dochakhada, huitaka -e na kuikwepa -ro. Ukienda kwa mtu, -e haifai tena. Utatumia -ege, na kwa bibi yako -kke, kwa heshima. Sisi nasi twaenda mjini, lakini twaenda kwa bibi. Ila -ni yetu haimbagui aendaye mjini na atokaye mjini. Kazi hiyo tumekiachia kitenzi, kama tunavyomtenga anayehama mji na anayehamia mji. Kitenzi cha Mkorea huja mwisho kabisa, basi uelekeo hana budi kuutaja kabla mguu haujanyanyuka.

Ufundi huu ulipata walinzi. Ju Si-gyeong alizunguka shule za Seoul akifundisha sarufi, vitabu vyake kavifunga furushi, hata akabandikwa jina la Ju wa Furushi. Sarufi yake ilichapishwa 1910, mwaka ambao Japani iliimeza nchi yake. 1914 akafariki, hajatimiza miaka arobaini. Wanafunzi wake wakaendelea kupitia Chama cha Lugha ya Kikorea. Mwaka 1942 wanachama wake walianza kukamatwa na Wajapani; wawili wakafia gerezani. Miswada ya kamusi yao, iliyochukuliwa kama ushahidi, ilionekana tena 1945 katika ghala la stesheni ya Seoul.

Leo kwenye ujumbe wa simu utaona "hakgyo ga", basi, kiambishi kimedondoka. Hilo silililii sana. Mdomoni Wakorea hudondosha wakijua wanachokiacha. Ninavyovisikitikia ni vitabu vya haraka haraka vinavyomwambia mgeni kwamba -e na -ro mbele ya gada ni mamoja, akariri aendelee. Watu walifungwa kwa ajili ya maneno haya. Mwandishi wa leo, asiyetishwa na yeyote, anaona uzito kuyaongezea aya moja.