Juu ya Daftari za Maneno ya Kiingereza

Mara nyingi tumefunua daftari za wanafunzi, na karibu katika kila moja tumekuta ukurasa uliopigwa mstari katikati: upande huu neno la Kiingereza, upande wa pili neno moja la Kiswahili. Kazi hiyo yapendeza macho, walakini twaiona ina kasoro kubwa. Katika daftari moja tulisoma kwamba "borrow" ni kuazima, na chini yake, "lend" ni kuazima vile vile. Mwenye daftari hakusema uongo. Lakini siku moja alimwandikia mwenye baiskeli barua ya Kiingereza, akasema, "I want to lend your bicycle", maana yake kwamba ataka kuwaazima watu wengine baiskeli isiyo yake. Mwenyewe alighadhibika, na baiskeli haikutoka.

Katika Kiswahili hatupotei. Mtu akisema, "Niazime jembe", ile "ni" yaonyesha nani apewe. Akisema, "Nimeazima jembe kwa jirani", neno "kwa" laonyesha lilikotoka. Mwingereza naye ana "to" na "from", ila hayamtoshi. Ataka na tendo lenyewe lipewe jina kwa mkono wake. Mkono utoao ni "lend", upokeao ni "borrow".

Wala asidhani mtu kwamba lugha yetu ni maskini. Jembe la kuazima hurudi lile lile; unga wa kukopa huliwa, ukarudi mwingine wa kadiri ile. Sisi twatenga mambo hayo mawili, na Mwingereza huyatia katika neno moja. Yule rafiki wa usiku wa manane, katika Luka 11, aliomba mikate mitatu, na Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 yatumia "lend", neno lile lile la baiskeli. Kwetu ni kukopesha, kwa maana mkate ukiisha kuliwa, nani ataurudisha?

"Steal" na "rob" nazo huandikwa kuiba zote mbili. Ya kwanza hufuatwa na kitu kilichoibwa, ya pili na mtu aliyeibiwa.

Samuel Johnson, alipotoa kamusi yake mjini London mwaka 1755, hakuridhika na maana tupu, bali alitia na sentensi za waandishi. Basi twawasihi walimu wenzetu waufute ule mstari wa katikati, na kila neno liandikiwe sentensi mbili, moja ya mwenye jembe na moja ya mwombaji.